Sindano za Pimamaji

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Pimamaji, basi. Vibarua walimpa jina hilo zamani kwa sababu ya kile kipimo cha fundi mwashi, chenye kitone cha hewa kinachoogelea ndani ya kioo. Fundi mwingine anatazama ukuta kwa jicho moja, anasema umesimama. Yeye hakubali mpaka kitone kikae katikati. Kikikataa, tofali linashuka, hata mwenye nyumba akilia.

Mkewe alikuwa na jina lake mwenyewe la kumwita. Alimwita Mwizi.

Hakuiba kuku wala pesa. Aliiba sabuni. Sabuni ya unga, hii hii ya kufulia. Ukiitia kidogo kwenye saruji na mchanga, lipu inalainika, inateleza chini ya mwiko kama siagi, na ukuta unatoka laini kama shavu la mtoto. Pimamaji alitia zaidi ya kidogo. Asubuhi alitoka nyumbani na pakiti chini ya shati. Mkewe akishaloweka nguo, anapeleka mkono kwenye rafu, anakuta hewa.

"Kuta za mji huu zimeoga kuliko wanangu," alikuwa akisema.

Ndipo akaanza kuificha. Aliificha kwenye pipa la unga, Mwizi akaiona. Akaitia ndani ya foronya, Mwizi akaipata kwa kupiga chafya. Vita hivyo vilianza mwaka wa harusi, na hakuna upande uliowahi kuomba amani.

Magoti yalipokataa kupanda jukwaa, Pimamaji aliacha kazi. Akatundika mfuko wake wa zana kwenye msumari stoo, nyuma ya mlango, na hakuufungua tena. Lakini mkono wa fundi haustaafu. Akiona ufa nyumbani anauziba, akiona ukuta una kovu anaukandika upya kwa mwiko wa kuazima. Kwa hiyo vita viliendelea, ila sasa mkewe akaanza kushinda. Miaka yote hiyo ya mwisho Pimamaji hakuipata hata pakiti moja. Nguo zilifuliwa, zikanukia, lakini sabuni ilitoka wapi hakujua. Alipekua mpaka kwenye buli la chai.

Kisha mama yule akaugua, na hakuugua siku nyingi. Akaondoka na siri yake. Pimamaji hakuwa tena na hamu ya kutafuta.

Hapo ndipo nyumba ilipojiachia. Pimamaji alibaki na kikombe kimoja, sahani moja na sufuria moja, akivisuuza kwa maji matupu. Vingine vilikaa kwenye sinki vikimsubiri mtu mwingine. Kitanda alikitumia ukingo mmoja, upande wake ule ule. Vumbi lilikaa popote lilipotaka. Kuta peke yake ndizo zilizobaki safi, maana zilikuwa na sabuni ya kutosha ndani yake.

Jana binti yake wa mwisho alipiga simu.

"Baba, kesho nafika na mtoto."

"Karibuni."

"Tutalala kwa mama mdogo."

Pimamaji akahamishia simu sikio la pili.

"Baba, upo?"

"Nipo. Kwani mimi nimehama?"

"Siyo hivyo, baba. Mtoto bado mchanga. Anataka shuka safi, sakafu safi. Na wewe uko peke yako, sitaki kukuchosha."

"Nyumba ni safi."

"Safi kweli?"

"Inang'aa," akasema. Wakati huo huo panya alikuwa akikatiza sebuleni, polepole, kama mwenye hati ya kiwanja.

Mtoto huyo alikuwa amepewa jina la bibi yake. Tangu mazishi, jina lile halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba. Waliokuja kumpa pole walisema "marehemu". Marehemu alikuwa hivi, marehemu alikuwa vile. Pimamaji alikuwa amemchoka huyo marehemu, hakumjua. Alitaka kusikia mtu akiitwa kwa jina lile, katika chumba kile, japo kwa usiku mmoja. Alitaka hilo tu, na hakumwambia mtu.

Haukupita muda simu ikalia tena. Safari hii alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza mitumba wa nyuma ya soko, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko mzigo wake.

"Shemeji, nasikia nyumba yako inang'aa. Kesho mchana nitapita kukagua. Nije na miwani ya jua?"

"Njoo na macho yako tu."

"Haya. Lakini nikikuta uchafu, mjukuu wetu analala kwangu. Mimi kitanda nimeshatandika."

Ndiyo maana leo Pimamaji aliamka na jua na kwenda dukani.

Mwenye duka alimwona akiwa bado mlangoni, akapeleka mkono kwenye kikopo kilichokuwa karibu na mizani.

"Karibu mzee. Sindano?"

"Leo sabuni. Ya unga."

Mwenye duka akamtazama. "Unapiga lipu wapi tena, mzee, na magoti hayo?"

"Nafua."

"Wewe?"

"Kwani mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu, mzee wangu. Chukua. Hizi mbili ndizo za mwisho, mzigo unaingia kesho. Na sindano je? Nimezoea kukuuzia."

"Sindano ninazo."

Alikuwa nazo kweli, na asubuhi ile ndiyo alijua ni nyingi kiasi gani. Alipoosha vikombe, akakuta sindano ndani ya kimoja. Alipokung'uta pazia, zilikuwa zimechomekwa kwenye upindo kama askari wa gwaride. Akafungua kiberiti awashe jiko, ndani hamna njiti, mna sindano. Akakaa kwenye kochi apumzike, akainuka haraka kuliko alivyokaa.

Alisimama katikati ya sebule akijipapasa. Mkewe hakuwa mshonaji. Kifungo kikikatika, alimpelekea mdogo wake. Sasa sindano zote hizi za nini? Akazikusanya kwenye kikombe kisicho na mkono, akaendelea na kazi.

Sakafu aliipiga deki kifundi. Alianza pembe ya mbali, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kama anavyosawazisha zege, ili asiache alama ya mguu. Kazi ilitoka safi sana. Akajisifu akiwa nje. Kisha akakumbuka kwamba chai yake iko ndani, mezani, upande wa pili wa sakafu. Akasimama mlangoni akiiangalia ikipoa mpaka sakafu ilipokauka.

Halafu zikaja shuka.

Alizitoa zote, za kitandani na za kabatini, maana zote zilikuwa zimeingia vumbi. Akazitia kwenye beseni kubwa. Sasa sabuni kiasi gani? Mkewe hakuwahi kumwambia. Nani anamfundisha mwizi kutumia mali aliyoiba? Pimamaji alijua uwiano mmoja tu duniani, wa saruji na mchanga. Moja kwa tatu. Akamimina pakiti ya kwanza. Akaona bado ni nyembamba, akamimina ya pili, akakoroga kwa mpini wa koleo.

Povu liliinuka. Mwanzoni alilitazama kwa heshima. Likapita ukingo wa beseni, likashuka, likatembea uani, likafunika ndala zake, likaingia chini ya mlango wa choo. Paka wa jirani alikaa ukutani akaangalia, akaamua kurudi alikotoka. Pimamaji alisuuza. Akasuuza tena. Kila akisuuza linazaliwa jingine. Mpaka shuka zilipotoka kwenye povu, uani palikuwa matope matupu, na yeye alikuwa amelowa kuliko shuka.

Akazianika zote kwenye kamba hivyo hivyo, bila kuzikamua sana, maana viganja vilikuwa vimechoka. Kamba ile mkewe aliilalamikia miaka. "Unawanyooshea watu kuta," alikuwa akimwambia, "kamba yangu mimi imeshusha tumbo kama mbuzi mwenye mimba." Naye alikuwa akijibu, "Kesho." Kesho hiyo ilikuwa haijafika.

Hapo ndipo shemeji alipoingia, na kweli, alikuwa amevaa miwani ya jua.

"Hodi wenyewe. Mbona uani kuna mawingu?"

"Karibu, shemeji. Pita ndani kwanza uone sakafu."

Akapita. Akapitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama. Akainama chini ya meza. Pimamaji aliwahi kukaguliwa na wahandisi wenye kofia ngumu, lakini hakuwahi kutokwa jasho kama siku ile. Shemeji akavua miwani.

"Sakafu nimeipitisha," akasema. "Sikutegemea. Shuka ziko wapi?"

"Zinakauka."

Wakatoka wote uani. Shuka zilikuwa nzito kwa maji. Kamba ilikuwa imeshuka, imeshuka, mbele yao ikashuka kidogo tena, na msumari wa upande wa choo ukachomoka ukutani taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka. Shuka zote zikalala kwenye matope.

Paka alichungulia tena.

"Shemeji," muuza mitumba akasema kwa sauti ya upole, na upole wake ndio uliouma, "umejitahidi. Mimi nitawapokea stendi, niwapeleke kwangu moja kwa moja."

"Wapitishe hapa kwanza."

"Waje kuona nini? Matope?"

"Wapitishe wanywe chai. Nikishindwa, utawachukua."

Alimtazama shemeji yake aliyelowa, mwenye povu kwenye nyusi. "Chai tu," akasema. "Lakini ujue hujapona. Mikono yangu inajua nguo iliyofuliwa na nguo iliyodanganywa." Akavaa miwani yake, akaenda zake.

Pimamaji akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sabuni imekwisha. Dukani imekwisha. Duka jingine liko juu ya kilima, na magoti yake na kilima kile hayakuwa yakiongea. Mkewe angekuwapo angejua la kufanya. Kwanza angecheka mpaka ashike ukuta. Kisha angeingia ndani, na angetoka na sabuni.

Akatazama kamba iliyolala chini.

Kuhusu sabuni hakuwa na la kufanya. Kuhusu kamba alikuwa nalo. Akainuka, akaenda stoo, akauondoa mfuko wa zana kwenye msumari. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Akadhani ni uzee. Akauburuta mpaka kwenye mwanga, akafungua bizimu ya mkanda wake iliyoshika kutu.

Juu kabisa kilikaa kipimo chake, kitone kikitikisika ndani ya kioo kama kinachomsalimia. Akatoa mwiko. Akatoa timazi na uzi wake. Akapeleka mkono chini kutafuta nyundo, na mkono ukagusa kitu laini kilicholia *kwacha*.

Akakitoa. Pakiti ya sabuni. Akapeleka mkono tena, akatoa nyingine, na nyingine. Chini kabisa palikuwa na moja iliyofunguliwa, imekunjwa vizuri, imebanwa kwa kibanio cha nguo, na ndani yake kifuniko cha chupa cha kupimia.

Pimamaji akakaa sakafuni, magoti yakipenda yasipende.

Miaka yote ile. Alipekua buli la chai, akapekua dari, akapekua viatu vya Jumapili vya mkewe. Ila mali yake mwenyewe hakuigusa. Mwizi gani anapekua mfuko wake?

Lakini mkewe aliitoaje bila yeye kumwona? Stoo iko mbele ya kiti anachokalia kila siku. Akawaza. Kisha akamsikia, wazi, kama anavyoita kutoka uani siku ya kufua: "Baba watoto, hebu nenda dukani mara moja. Kaniletee sindano."

Naye alikwenda. Polepole, kwa magoti yake, akipiga soga na mwenye duka. Akirudi anakuta nguo zimeshalowekwa na mama watoto anaimba. Anamkabidhi sindano yake. "Ahsante, mume wangu," anamwambia, anaichomeka kwenye pazia.

Pimamaji alianza kucheka. Alicheka peke yake mle stoo mpaka panya akatoka kuangalia. Halafu kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, naye akakiacha kipite, akajifuta uso kwa fulana ambayo ilikuwa imelowa tangu asubuhi.

"Umenipata," akasema.

Kisha akafanya kazi. Msumari aliutupa, akapigilia mwingine mrefu, ndani ya ukuta mzima. Kamba akaivuta mpaka ikalia ukiigusa. Akaweka kipimo juu yake, akaishusha upande mmoja kidogo, akaipandisha, mpaka kitone kikakaa katikati. Hakuna kamba ya nguo iliyowahi kupimwa hivyo. Akafua upya. Safari hii kifuniko kimoja tu kwa beseni, kipimo cha mwenye nyumba. Povu likakaa ndani ya beseni kwa adabu. Akakamua mpaka viganja vikawaka. Jua lilikuwa bado kali na upepo ukasaidia. Shuka zikajaa upepo, wala hazikugusa chini.

Ya kitanda kikubwa ilikauka kwanza. Akaianua, akatandika, akaivuta pembe zote mpaka ikakosa mkunjo hata mmoja, kama ukuta uliopigwa lipu. Alikuwa bado ameinama hapo aliposikia hodi.

Shemeji ndiye aliyetangulia, na mkoba wa mtoto begani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akashika pindo la shuka kati ya vidole viwili, akalisugua kama anavyowafanyia wateja wake sokoni. Akalisogeza puani. Akabaki hivyo hivyo.

"Sabuni umepata wapi?" akauliza. "Nimepita dukani, hamna."

"Ya humu humu ndani."

"Dada aliificha wapi? Mimi mwenyewe hakuniambia. Nilimuuliza mpaka nikachoka."

"Ilikuwapo tu," akasema Pimamaji.

Binti akaingia, mtoto kifuani. Alimwamkia baba yake, akamkumbatia kwa mkono mmoja, kisha naye akainua pua juu.

"Baba. Chumba kinanukia mama."

"Amefua," akasema.

Binti akatazama kitanda, akamtazama mama yake mdogo. Shemeji aliyekuwa na maneno mengi kuliko mzigo wake akageukia dirisha, akajifanya anapangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Mimi siendi popote, mama mdogo," binti akasema. "Nimechoka na safari. Tutalala hapa."

"Lala. Nani amekushika mguu? Kitanda changu atalalia paka."

Binti akamlaza mtoto katikati ya shuka ile, akainama juu yake, akamwita kwa jina. Jina lile lile, lote, taratibu, kama mtu anayelijaribu mdomoni. Kwenye kona ya chumba Pimamaji alikaribia kuitikia kwa niaba ya mwenyewe. Akakohoa badala yake.

"Haya baba," binti akacheka, "mkeo amerudi. Msalimie."

"Mke gani huyu, hana hata jino la kunigombeza?"

Mtoto akakunja uso, akawa mwekundu, akajikaza. Kisha akatulia kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Harufu mpya ikaingia chumbani, ikaipita ile ya sabuni bila salamu.

"Ameshasaini," shemeji akasema. Kwa mkupuo mmoja alikuwa amemfungua, amemfuta, amekusanya nepi na shuka iliyoponzwa. Akakunja mikono ya nguo. "Nipe hiyo sabuni, shemeji, nifue sasa hivi kabla halijashika doa. Iko wapi?"

Pimamaji akatazama nje, kwenye kamba yake iliyonyooka. Akatazama mlango wa stoo. Akakuna kidevu.

"Shemeji," akasema, "hebu nenda dukani mara moja. Kaniletee sindano."

"Sindano? Ya nini saa hizi?"

"Kifungo kimekatika."

"Umevaa fulana, shemeji. Fulana ina kifungo?"

"Wewe nenda tu."

Alikwenda, akinung'unika njia nzima kwamba wanaume wakiachwa peke yao akili inalegea kama kamba. Binti alibaki akimtazama baba yake, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu cha zamani alichokuwa akikisikia kutoka uani.

Pimamaji alisubiri mpaka geti likalia. Kisha akaenda stoo, akarudishia mlango nyuma yake.